Kuulinda mto wa mtaa mpaka unapoingia baharini: mwongozo kwa wakazi wa Dar es Salaam

Mara kwa mara watu hujitokeza Coco, Kawe au Kunduchi wakavaa glovu, wakajaza viroba kwa viroba vya taka na kuziacha fukwe zikiwa safi. Kazi hiyo ina heshima yake. Lakini mvua moja ikinyesha usiku, kukicha ufukwe umerudi ulivyokuwa: chupa za maji, pempasi, vifungashio vya biskuti, ndala za mguu mmoja. Taka hizo hazikuachwa na waogeleaji. Sehemu kubwa imeshuka na mito kutoka Tandale, Mabibo, Vingunguti, Mbagala na Makongo, baada ya kukaa mitaroni wiki nzima zikisubiri maji ya kuzibeba.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia juu. Unamhusu mtu anayekaa karibu na mtaro, hata kama mwaka mzima hajaiona bahari. Nimeuandika kwa ajili ya kikundi kidogo cha majirani. Watu wanane au kumi wanatosha, mradi mmoja wao awe mjumbe wa shina au mtu anayesikilizwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Hatua ya 1: Jueni maji yenu yanakwenda wapi

Wakazi wengi huuita mtaro wa nyuma ya nyumba "mtaro" tu, wasijue ni mkono wa mto. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea Luhanga, Ubungo na Ng'ombe, ule unaopita Tandale. Upande wa Temeke, Kizinga na Mzinga humwaga maji yake Mtoni, kwenye mkono wa bahari unaoishia bandarini. Kaskazini kuna Mlalakuwa, Mbezi, Tegeta na Mpiji.

Fungueni ramani ya satelaiti kwenye simu, mfuate mtaro wenu kwa kidole mpaka baharini. Kata nyingi zina ramani nzuri zaidi zilizotokana na Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakichora mitaro, nyumba na maeneo yanayofurika. Mkishajua njia, ichoreni kwenye karatasi ya manila na kuibandika ofisi ya mtaa. Andikeni mtaa ulio juu yenu na ulio chini yenu, kwa sababu hao ndio mtakaohitaji kuzungumza nao baadaye. Mtaa wa juu msipoushirikisha, mtakuwa mnazoa taka zake milele.

Hatua ya 2: Tembeeni kipande chenu, mkiandika

Tembeeni mara mbili: asubuhi moja ya kiangazi, na mara ya pili siku inayofuata mvua kubwa, maji yakishapungua. Vaeni buti za mpira na glovu nzito, na asiingie mwenye kidonda. Maji haya yana vimelea vya kipindupindu na kichocho. Mkojo wa panya nao huleta homa ya mgunda, ugonjwa uliotikisa Lindi mwaka 2022.

Simameni kwenye kalavati. Inameni mtazame upande maji yanapotokea. Ukutani mtaona mstari wa tope unaoonyesha maji yalipanda mpaka wapi. Upimeni kwa futi ya fundi na kuandika. Kisha tazameni lile bonge lililonasa mdomoni: vitambaa, vifuu vya nazi, kamba, nyavu, mifuko, vyote vimesokotana. Livuteni kwa reki, mlitandaze juu ya turubai, mlichambue palepale. Maganda ya ndizi na majani mabichi yakizidi, juu yenu kuna soko lisilo na kizimba cha taka. Manyoya ya kuku yanaonyesha wachinjaji. Vipande vya nguo vinatoka kwa mafundi cherehani au marobota ya mitumba. Pempasi na taka za jikoni zilizofungwa vizuri kwenye mfuko zinatoka majumbani, kwenye nyumba ambazo gari la taka haliwafikii. Wekeni kila aina kwenye kiroba chake, mpime kwa mizani ya mnunua skrepa aliye jirani. Orodha hiyo fupi ina nguvu kuliko hotuba, maana inaonyesha ni nani wa kuzungumza naye.

Tazameni na maji yenyewe. Ya kijivu yenye povu ni ya bafuni na ya kufulia. Meusi yanayonuka mayai viza ni majitaka yaliyokwishamaliza hewa yote iliyokuwamo, na samaki haishi humo. Utando unaometa rangi nyingi ni oili ya gereji. Maji yakiwa mekundu, ya buluu au ya rangi nyingine isiyoeleweka, andikeni siku na saa, mkapige picha tena saa ileile siku nyingine, kwani wanaomwaga vya kiwandani hupenda usiku na siku za sikukuu.

Mkipita mtawakuta wakulima wa mchicha na matembele. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakionyesha kwamba zilikuwa na metali nzito. Ni jambo la kutisha, na halifichiki. Lakini kuwang'olea akina mama matuta yao hakuyasafishi maji, na kunawanyima watoto ada ya shule. Zungumzeni nao kuhusu kuhamia miche ya miti, maua na ukoka. Bustani hizo zina wateja wengi mjini, na hakuna anayekula anachonunua pale.

Hatua ya 3: Taka zikamatwe kabla ya maji

Anzeni na zile nyumba ambazo gari halifiki. Mara nyingi tatizo lao si ustaarabu. Kichochoro kina upana wa mita moja, gari linasimama barabarani asubuhi watu wakiwa wamekwenda kazini, na ada ya taka inadaiwa hata wiki ambayo gari halikuja. Kinachosaidia ni vijana wawili wenye guta au mkokoteni, wanaopita siku zinazojulikana na kulipwa kila mwezi, kisha wanakabidhi taka kwenye kituo ambacho gari la manispaa au mkandarasi linafika. Makubaliano hayo yaandikwe ofisi ya mtaa, la sivyo mwezi wa tatu yatakufa.

Taka za jikoni zitengwe. Ndizo nzito kuliko zote, na ndizo zinazooza na kunuka mpaka mtu akashindwa kukaa nazo ndani akaamua kuzitupa mtaroni usiku. Zikitengwa, zinafaa kwa mboji au kulishia funza wa nzi chuma, ambao wafugaji wa kuku na samaki wanawatumia. Chupa na vyuma hazina shida, waokotaji wanazitafuta wenyewe. Kinachobaki bila mnunuzi ni vifungashio laini na pempasi, na hivyo ndivyo vinavyojaza mito. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 na tofauti inaonekana, lakini vifungashio vingine vingi viko palepale.

Mwisho wa kipande chenu wekeni kizuizi. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya nondo zilizopangwa kwa nafasi ya kiganja, inayoegemea kalavati kwa mlalo na inayoweza kuinuliwa. Hiyo ya kuinuliwa ni lazima. Kizuizi kilichojengewa kabisa hujaa kwa mvua ya saa moja, maji yakatafuta njia kupitia vyumba vya watu. Apewe mtu mmoja jukumu la kukitoa taka kila jumamosi na kukiinua TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitangaza mvua kubwa, na apate posho. Mumpeleke afisa mazingira wa manispaa akione mahali kabla ya kuchomelea, kwa kuwa mtaro ni mali ya umma.

Hatua ya 4: Vyoo

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na ndipo vikundi vingi huogopa kugusa. Ni sehemu ndogo tu ya nyumba za Dar iliyounganishwa na bomba la majitaka. Waliobaki wanatumia mashimo na makaro. Bondeni maji ya ardhini yako karibu, shimo linajaa upesi, na gari la kunyonya haliwezi kuingia uchochoroni. Mvua kubwa ikianza, mtu anatoboa ukuta wa shimo au kufungulia bomba alilolificha, na kila kitu kinaondoka na maji. Ndiko kutapisha choo. Kila mtu mtaani anajua nani anatapisha, na hakuna anayesema, kwa sababu mwaka huu ni yeye na mwakani ni mimi.

Msianze kwa kumshtaki mtu. Nendeni wawili, mtu mzima akiwemo, bila karatasi wala simu ya kupigia picha. Semeni hivi: "Shikamoo mzee. Tumekuja kuzungumza habari ya choo, si chako peke yako, ni vyetu vyote. Tunataka tukodishe gari pamoja kabla ya masika. Wewe chako kilinyonywa lini?" Mtu akiulizwa hivyo anajibu. Akiambiwa "tumesikia unatapisha", mazungumzo yamekwisha.

Kisha orodhesheni mashimo yote na mpange ratiba ya pamoja. Miezi mizuri ni Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati huo ardhi imekauka, na mnacholipia ni kinyesi na tope. Wakati wa mvua mnalipia lori kubeba maji yanayorudi shimoni kesho yake. Nyumba tatu au nne zilizopakana zikichangia safari moja, kila mmoja anaona unafuu. Pale gari lisipofika tafuteni wanaotumia pampu ya mkono na mapipa yanayofungwa. Wapo mjini na kazi yao ni halali. Sharti moja tu msilegeze: muone risiti kwamba mzigo umepokelewa kwenye mabwawa ya majitaka, kama ya Vingunguti au Kurasini. Majitaka yaliyotolewa Manzese yakamwagwa mtaroni Kigogo hayajaondoka mjini.

Pedi, chupa na matambaa yasiingie chooni, yanaziba mpira wa pampu na fundi atadai zaidi au ataondoka. Anayejenga upya ajenge chemba mbili, ya kwanza ikamate mazito na ya pili ipokee maji, na chini pawe pamesakafiwa. Wapangaji mara nyingi hawana sauti katika haya, kwa hiyo mwenye nyumba aitwe, hata kama anakaa Goba au Chanika. Ikiwezekana, gharama ya kunyonya iandikwe kwenye mkataba wa pango ili ijulikane ni ya nani.

Hatua ya 5: Kingo na mchanga

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Ijueni, muitumie kuzuia ukuta mpya, kifusi kipya na gereji mpya. Kuwahamisha waliokwishajenga si kazi ya kikundi cha majirani, na mkionekana mmekuja kwa ajili hiyo hakuna atakayewafungulia mlango tena.

Kifusi, matairi na viroba vya mchanga hushikilia ukingo msimu mmoja, kisha huondoka na kwenda kuziba daraja la mbele. Pandeni majani. Vetiva ipandwe kwa mistari inayokingama mteremko, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mvua za kwanza za masika zikianza ili ishike kabla maji hayajapanda. Karibu na maji achieni matete yaliyopo yakue, msiyafyeke kwa sababu ya mbu tu. Mbu wanazaliana zaidi kwenye makopo na madimbwi kuliko kwenye maji yanayotembea. Mabingobingo yanafaa juu kidogo, na mwenye ng'ombe atakuja kuyakata mwenyewe.

Kuhusu mchanga nitasema kwa msisitizo. Tegeta na Mbezi imechimbwa mchanga wa ujenzi kwa miaka mingi. Mto ukichimbwa unashuka, kingo zinadondoka, nguzo za madaraja zinabaki zinaning'inia. Na ufukwe unaishi kwa mchanga unaoletwa na mto. Kunduchi bahari imekula ardhi na majengo kwa miongo kadhaa, na upungufu wa mchanga wa mitoni ni mojawapo ya sababu. Wenye hoteli walijibu kwa kujenga kuta za mawe zinazoingia baharini. Ukuta wa namna hiyo hukusanya mchanga upande mmoja na kumnyima jirani wa upande wa pili. Lori likionekana linapakia mtoni, andikeni namba yake na saa, muulize kibali kwa upole, na mpeleke taarifa siku hiyohiyo. Msipigane na wachimbaji. Wengi ni vijana wanaolipwa kwa koleo, mwenye biashara hayupo pale.

Kisima kinahusika pia. Tangu ukame wa mwaka 1997 visima vimechimbwa kwa wingi Dar, na karibu na pwani kuvuta maji kupita kiasi huyaita maji ya bahari chini ya ardhi. Sabuni ikianza kukataa povu na chai ikawa na ladha ya chumvi, punguzeni kuvuta, na kabla ya kuchimba kingine muombe kibali Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

Hatua ya 6: Mdomoni, kwenye mikoko

Mkiwa na nguvu ya ziada, shukeni mpaka mto unapoingia baharini: Salenda, Mtoni Kijichi, Kunduchi au Mbweni. Jambo la kwanza kule ni kuondoa plastiki kwenye mizizi. Mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, hupumua kwa vijiti vinavyochomoza topeni, na mfuko uliovifunika kwa miezi unaua mti taratibu. Fanyeni hivyo maji yakiwa yamekupwa, kwa mikono, bila kukanyaga vijiti.

Kupanda kuje baadaye, na mara nyingi hakuhitajiki. Maji ya bahari yakiruhusiwa kuingia na kutoka, mikoko huota yenyewe. Pandeni tu pale palipokuwa na mikoko zamani, na pale ambapo sababu ya kufa kwake imeshaondolewa. Mlilana ndio unaotangulia upande wa bahari, nyuma yake mkoko wenyewe, halafu msinzi na mkandaa, na mchu huvumilia chumvi kali ya nchi kavu. Mkoko huotesha mbegu yake ikiwa bado mtini. Okoteni zilizodondoka zenyewe, mchomeke theluthi moja topeni, ncha yenye chipukizi ikiwa juu. Msipande kwenye majani ya bahari wala kwenye tope tupu ambalo halijawahi kuwa na mikoko, hata kama mfadhili anataka picha ya miche elfu moja. Mikoko ni hifadhi ya misitu, hivyo pitieni kwanza ofisi ya TFS, wakala wa serikali wa misitu.

Hatua ya 7: Kabla ya masika, tazameni mwezi

Wavuvi wanalijua hili, wakazi wa mabondeni wengi hawalitilii maanani. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvu, yaani bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na Dar maji yanaweza kupanda zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa. Mvua kubwa ikikutana na bamvu lililojaa, mto unafika Salenda ukakuta mlango umefungwa, na maji yanarudi nyuma kuelekea Jangwani. Wekeni kalenda ya mwezi ofisini kando ya utabiri wa TMA. Siku zinapogongana, kizuizi kiinuliwe, wazee na wagonjwa wahamishwe mapema, na vyeti na madaftari ya watoto viwekwe juu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Maonyo ya usiku hayawahi.

Hatua ya 8: Taarifa inayofanyiwa kazi

Barua ya kurasa nne yenye manung'uniko haisomwi. Andikeni ukurasa mmoja: tarehe na saa, mahali kwa alama inayojulikana, mlichokiona, picha mbili, kaya ngapi zinaathirika, mlichokwishafanya wenyewe, na jambo moja mnaloomba. Bomba la majitaka lililopasuka ni la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka. Kiwanda kinachomwaga mtoni kipelekwe NEMC, baraza la taifa la mazingira, na uchimbaji wa mchanga kwa manispaa na Bodi ya Bonde. Taka na vyoo vianzie kwa mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata. Kila barua ipitie ofisi ya mtaa ili isionekane ni ugomvi wa mtu na mtu.

Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe mkiwa mmesimama palepale. Wiki mbili zikipita kimya, rudini na nakala hiyo mkiwa watu watatu, muombe kumuona afisa mwenyewe, na jibu lake liandikwe kwenye daftari la kikundi ili lisomwe kwenye mkutano wa mtaa unaofuata.